Ugumu Kidogo

Kazi yangu ni kuvusha maneno.
Nalipwa kwa saa, chakula cha mchana juu yao.

Mwaka jana, katika chumba hiki hiki cha kiwanda cha vifungo,
Qiaotou, ghorofa ya pili,
Bwana Lu Desheng alisema: "Kuna ugumu kidogo."
Nikavusha kama lilivyo, bila kumwaga tone.
Darlene Kowalczyk, aliyetoka Toledo, Ohio,
akasikia *kidogo*.
Akaandika daftarini: Novemba. Akapiga mstari chini.

Novemba ikafika. Vifungo havikufika.
Makoti elfu tisa ya watoto yakaning'inia ghalani kule,
wazi vifuani, kama watu waliokatizwa kauli.

Sikuwa nimekosea hata neno moja.
Hilo ndilo linaloniuma.

Kwetu "ugumu kidogo" ni mlango uliofungwa
ukapakwa rangi ya ukuta.
"Tutalitafakari" ni komeo lake.
Mgeni humwagii hapana usoni kama maji ya vyombo;
unaifunika, unaisogeza kando,
unamwachia aione mwenyewe, ajifanye hakuiona,
muinuke mezani nyuso zenu nzima.
Kwao Darlene, ambaye baba yake aliuza matrekta,
ukweli ni jino bovu:
ling'olewe leo, kesho mtu ale.

Nawaelewa wote wawili.
Sijui kama hiyo ni elimu au ugonjwa.

Leo amerudi, na mafua, na tabasamu lile lile.
Amemletea Bwana Lu sanduku lenye utepe wa buluu.
Bwana Lu amelipokea kwa mikono miwili,
akaliweka nyuma ya kiti, akaendelea kumimina chai.
Namwona Darlene akilitazama sanduku.
Anangoja lifunguliwe, ayaone macho ya mpokeaji.
Hatayaona. Kulifungua mbele yake ni uroho.
Kutolifungua (namsoma shingoni, inaanza kuiva) ni dharau.
Hakuna aliyesema neno, kwa hiyo sina cha kuvusha.

"Vifungo laki nne," anasema. "Kabla ya Septemba.
Mwulize: ndiyo au hapana?"
Analaza kalamu juu ya meza.

Nauliza. Nayazungushia maneno pamba kwanza, lakini nauliza.
Bwana Lu anatazama birika.
Anasema mwaka huu mvua imekuwa nyingi.
Anasema mashine ya tatu ni ya zamani kuliko mwanawe.
Anasema mgeni ajaribu hizi karanga, zinatoka kijijini kwa mkewe.
Kisha ananyamaza,
na ukimya wake ni sentensi kamili, una kitenzi, una nukta.

"Amesema nini?"

Mvua, mashine, karanga: viko ulimini tayari.

"Amesema hapana."

Darlene anashusha mabega. Anacheka, anapiga meza kwa kiganja.
"Asante! Sijasikia neno zuri kama hilo tangu nishuke kwenye ndege.
Basi laki mbili?"
Bwana Lu ananigeukia. "Amefurahia nini?"
"Karanga," nasema.
Anamsogezea bakuli lote.

Laki mbili anaweza. Nimejua kwa sababu ametaja bei
kabla hajamaliza kumeza.

Jioni, garini kurudi Wenzhou, mvua inanyesha kweli.
Nimekunywa vikombe kumi na viwili, koo limekuwa msasa,
nimedanganya mara mbili na kila mtu amelipwa.
Darlene anageuka kwenye kiti, ananitazama kwa dhati kabisa.
"Umechoka?"
"Hata kidogo," nasema.

Ananiamini.
Anafungua daftari, anaanza kunisomea ya kesho.